Mtu wa Kuja Naye

Miaka ishirini na sita nimesimama nyuma ya vichwa vya watu nikisuka, na nilichovuna ndiyo hii mishipa: myembamba, ya zambarau, imetapakaa miguuni utadhani mtoto kachezea kalamu. Daktari alisema dawa yake ni sindano. Anadunga kimshipa kimoja kimoja mpaka kinanywea, kisha unatembezwa nusu saa. Kutembezwa, jamani. Akataka nije na mtu wangu.

Sasa mimi na mdomo wangu huu, ninayejua nani kaachika na nani kahama kwa siri, mtu wa kuja naye sikuwa naye. Wateja wananimwagia ya moyoni, msuko ukiisha wanajitazama kwenye kioo, haoo wanaondoka. Kwenye fomu, mahali pa jamaa wa karibu, niliandika "dada", nikaweka namba ya simu yangu ya saluni. Nilijua hawatapiga.

Wakapiga. Nesi alisimama mbele yangu, simu sikioni, na mkoba wangu ukaanza kuita. Nikaukumbatia. Ukaendelea kuita. Aibu niliyoipata sitaki hata kuisimulia.

Nesi akakata simu, akaniuliza taratibu kama yupo mwingine. Nikampigia mteja wangu wa kila Jumamosi, niliyemsuka siku ya harusi yake na nikamsuka tena alipofiwa na mama yake. Nikajitambulisha. Akauliza ni msusi yupi. Nikasema samahani, nimekosea namba.

"Nitakutembeza mimi, mama," nesi akasema. "Lala tuanze."

Sindano hazikuuma kama nilivyoogopa. Kilichoniweza ni zile soksi ndefu za kubana wanazokuvalisha baadaye. Nesi alipiga magoti sakafuni, akaushika unyayo wangu kwa mikono miwili, akapandisha soksi pole pole, akinyoosha kila mkunjo kwa kidole gumba. Mimi huyu ninayeshika watu kutwa nzima, sikumbuki mara ya mwisho kushikwa.

Akamaliza, akauliza kama imekaa sawa. Ilikuwa imekaa sawa kabisa.

"Bado," nikamwambia. "Naona imepinda."

Akaitazama, akanitazama mimi. Kisha akaivua, akaanza upya.