Baridi ya Maurice

Kiyoyozi cha gari la maiti kilipopoteza baridi mara ya kwanza, hakuna aliyejali. Walikuwa wamesimama mbele ya kibanda cha omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Migori ili marehemu Maurice awaage wateja wake, na wateja walikuja kweli, hata wale waliozoea kumsengenya. Phelesia, mjane wake, alikuwa ameketi ubavuni mwa jeneza. Alihisi hewa iliyomshukia kichwani ikigeuka kuwa ya jikoni. Gari lilipoondoka baridi ikarudi, naye akasahau.

Job hakusahau. Job ni kaka mkubwa wa marehemu, na hajawahi kuhudhuria msiba asiupatie mkosaji.

Walisimama tena Awendo, ambako shangazi yao alitaka kumlilia Maurice kando ya barabara. Hewa ikawa moto, harufu ya dawa ikapanda. Asubuhi mhudumu wa mochari alikuwa ameonya kwamba dawa haikuushika mwili vizuri, wasiuache upate joto. Job akanong'ona kwa Kijaluo, na wanawake wawili wa ukoo waliokuwa nyuma wakamtazama Phelesia. Walidhani binti wa Kikuria hasikii Kijaluo, kwa hiyo miaka yote walimsema mbele yake bila hata kupunguza sauti. Alisikia. Job alisema kwamba ndugu yake anakataa kusafiri na mwanamke huyu.

Maurice alikufa alfajiri ya wiki iliyotangulia, yeye na Phelesia wakiwa wawili tu nyumbani kwao Migori. Daktari alisema ni presha. Job alisema daktari hakuwepo.

Rongo walisimama mbele ya kanisa ili kwaya imwimbie marehemu. Joto likaja kwa mara ya tatu. Onchiri, dereva, alishuka akafungua boneti, naye Job akazunguka hadi mlango wa nyuma.

"Nyar Kegonga," alisema. Binti wa Kegonga: hivyo ndivyo Maurice alivyomwita alipotaka chai, lakini kinywani mwa Job jina lile lilinuka mashtaka. "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi nimezaliwa na huyu, najua akikasirika. Ongea na yeye. Kama kuna kitu ulimfanyia, sema hapa. Akikataa tena, wewe utabaki kwa barabara. Kwa lango ya baba yetu huingii na yeye."

Phelesia alishikwa na hofu. Watoto wake walikuwa wametangulia mazishini, nyumbani kwa wazazi wa Maurice. Wangemwona mama yao nje ya ua siku ya kumzika baba yao, kama mpita njia, na baada ya hapo nani angemwita mke wa boma lile?

Onchiri alirudi akipangusa mikono. Alikuwa ameangalia fyuzi, ameangalia mabomba ya gesi, yote mazima. "Mzee, si marehemu," alisema. "Ni feni ya hapa mbele. Mota imechoka, saa zingine inaamka, saa zingine inalala. Gari ikikimbia, upepo unafanya kazi yake. Ikisimama, hakuna upepo, joto inarudi."

"Na feni yako inajua ndugu yangu alikufaje?"

Onchiri akarudi kufunga boneti. Aliyemkodi ndiye huyo aliyesimama mbele yake.

Phelesia alikumbuka safari nzima. Migori, Awendo, Rongo: kila mara joto lilikuja walipokuwa wamesimama. Basi ukweli alikuwa nao, lakini ulikuwa ukweli usiotakiwa na mtu. Hasira zikampanda. Akaweka kiganja juu ya jeneza, akasema kwa Kijaluo safi, pole pole, kila mtu asikie:

"Maurice, wanasema unanikataa. Nimesikia yote, tangu siku uliyonileta nimesikia yote. Kama nilikudhuru, joto hili litufuate mpaka nyumbani. Kama sikukudhuru, nipe baridi kabla hatujapita daraja lililo mbele."

Wale wanawake wawili wakainamisha vichwa. Job akafunga mlango wa nyuma. Kiapo alikitaka mwenyewe, angekikataaje? Akaingia garini.

Walikuwa hawajaenda mbali walipokutana na ng'ombe, kundi zima, barabara imejaa. Gari likatambaa. Daraja lilionekana pale mbele, na hewa bado ilikuwa moto. Jasho lilimtiririka Phelesia mgongoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, aliwaza, na mimi nimechimba changu mbele ya mashahidi. Onchiri akapiga honi, kitu ambacho dereva wa maiti hafanyi. Ng'ombe wa mwisho akajivuta kando kwa madaha yake yote. Gari likaruka mbele, upepo ukaingia, na magurudumu yalipokaribia daraja, baridi ikamshukia kichwani.

"Nyasaye," mmoja wa wanawake alimtaja Mungu kwa sauti ndogo. Job alitazama dirishani mpaka walipoupita mji wa Homa Bay.

Phelesia hakufurahi. Aliona haya. Alikuwa amemfanya marehemu shahidi bila kumwuliza, na alijua vizuri kwamba aliyejibu ni upepo.

Barabara ya kwenda nyumbani ilikuwa mashimo matupu, jeneza likarukaruka. Langoni wakasimama, maana mwili hauingii mpaka wazee waje kuupokea, na wazee hawakuwa na haraka. Injini ilikuwa ikinguruma. Phelesia akakaza ngumi, akisubiri joto. Job naye alikuwa akilisubiri, macho juu.

Halikuja. Wazee walifika wakitembea na fimbo zao, wimbo ukaanza, ukaisha, na baridi bado ilikuwa ikishuka. Onchiri alishuka akachungulia mbele ya gari, akarudi polepole.

"Feni inazunguka, mama," alisema. "Pengine ni mashimo yameiamsha."

Pengine. Phelesia aliinua uso kwenye ile baridi, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu alfajiri ile. Job alikuja kumfungulia mlango, macho chini. Akamwambia ashuke, aingie na bwana yake.

"Ngoja kidogo, shemeji," Phelesia alisema. "Bado tunaongea."