Kovu la Pasi

Dobi alivaa gauni lake la kutokea, alilolipiga pasi mara mbili, akaenda kumwona mama yake. Mama alikuwa na miaka kumi na tisa kaburini, na picha ya kamera hakuacha hata moja. Sura yake ilikuwa kwenye ukumbi mmoja tu, ule uliokusanya kazi zote za marehemu mchoraji, wa kwanza kwao kuchora watu kama walivyo, wenzake wakihangaika na maua na machweo.

Akamkuta ukutani. Kitambaa kichwani, meza, pasi ya mkaa, shuka la watu. Dobi akasogea mpaka mlinzi akakohoa. Akautazama mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Ulikuwa laini kama wa mke wa waziri.

Kovu halikuwapo.

Yeye alikuwapo siku zile mama alipochorwa, mtoto wa miaka minane, akipuliza mkaa. Mama alimsihi mchoraji alifiche lile kovu. Mchoraji akagoma. Wakanuniana siku mbili, mashuka ya watu yamelala na makunyanzi yake. Siku ya tatu mama akapandisha mkono wa gauni mwenyewe, akasema haya, chora, hili ndilo limewasomesha wanangu.

Dobi akauliza kovu limekwenda wapi, akaitiwa mkuu wa maonyesho, kijana wa miwani na maneno ya kubembeleza. Alieleza kwamba picha ilifika imejaa moshi, mafundi wakaisafisha kwa pamba miezi miwili. Palikuwa na doa la kahawia mkononi, likawatoa jasho, mwishowe likatoka.

"Mwanangu," dobi akasema, "mimi nimetoa madoa miaka arobaini. Doa hutambaa. Lile lilikuwa na ncha."

Akapandisha mkono wa gauni. Kovu lake mwenyewe lilikuwa palepale lilipokuwa la mama, lina ncha kama pasi yenyewe.

Kijana akautazama mkono, akaitazama picha, miwani ikamteleza puani. Rangi hawawezi kuirudisha, alisema, mwenye mkono ulioichora hayupo. Kuandika pembeni kwamba wamelifuta, hilo ni la bodi, na bodi hukaa mwezi ujao.

"Na maonyesho yanafungwa lini?"

"Wiki ijayo, mama."

Dobi akacheka kicheko kikavu. Akamwomba mlinzi kiti, akakiweka ubavuni mwa picha, akaketi. Mkono wa gauni hakuushusha. Akaja mgeni, mwanamke mwenye mkoba, akasimama kuisifu picha.

"Dada," dobi akamwita, akinyoosha mkono. "Sogea huku uone walichofuta."