Nakala Irudi na Sahihi

Saa nne asubuhi jua lilikuwa limeshaifikia benchi walipokaa Eufrazia na bintiye Loveness, nje ya ofisi ya ustawi wa jamii. Loveness alikuwa na miaka minane. Mkono wake wa kushoto, uliovunjika juu kidogo ya kiwiko, ulining'inizwa shingoni kwa kipande cha kanga, na vidole vilikuwa vimevimba hadi vinang'aa. Aliyeuvunja ni Cyprian, baba yake wa kambo. Na aliyempeleka hospitali ni huyo huyo Cyprian, akasimama mbele ya nesi akasema mtoto kaanguka kwenye ngazi, nesi akaandika. Nyumba yao ya kupanga kule Kinyerezi haina hata ngazi moja.

Basi tangu siku hiyo Eufrazia anazungushwa. Namba ya bure aliyoiona kwenye bango, lile lenye watoto wanaocheka, ilipokelewa na kijana mwenye sauti nzuri, akamwambia afike polisi. Polisi wakamwambia mambo ya kifamilia yaanzie ustawi. Kaka yake Albano, mchonga vinyago anayeishi Madale, alishampokea mara mbili, na mara zote mbili alimwita Cyprian, wakakaa kikao, wakala wali, Eufrazia akarudishwa kwa mumewe na nasaha za kumtosha mwaka mzima. Mara ya tatu Albano hakupokea simu. Alichokuwa anataka Eufrazia ni kitu kimoja tu: mtoto asilale tena nyumba moja na yule mwanaume.

Zamu yake ilifika saa saba. Afisa, Bi Demetria, hakuwa mtu mbaya. Bora angekuwa mbaya, mtu ukamchukia ukapumua. Alimpa Loveness maji, akamuuliza mwenyewe mkono umevunjikaje, na mtoto akasema baba aliukunja, kisha akatazama chini. Demetria akaandika kila neno. Halafu akatoa karatasi mbili zinazofanana, akazigonga mhuri.

"Huu ni wito. Mpelekee mumeo, afike hapa tarehe ishirini na tisa. Nakala moja abaki nayo, nyingine irudi na sahihi yake."

Eufrazia akadhani hajasikia vizuri. "Mie ndio nimpelekee?"

"Mlalamikaji ndiye anayepeleka, mama. Ndio utaratibu."

Akaeleza kwamba angependa kuupeleka mwenyewe, lakini gari la ofisi ndilo lile pale uani. Eufrazia alikuwa amelitazama asubuhi nzima: limepandishwa juu ya matofali, halina tairi hata moja, na ubavuni limeandikwa MLINDE MTOTO. Akaulizia nyumba salama aliyoisikia redioni. Ipo, akajibiwa, ila imejaa, na hata nafasi ikipatikana hawapokei mtoto asiye na namba ya jalada. Jalada nalo linafunguliwa nakala ikisharudi na sahihi.

"Asiposaini?"

"Unarudi, tunaandika wa pili. Tukifika wa tatu, tunawaandikia polisi."

Polisi walewale. Eufrazia akahisi kicheko kinampanda, akakimeza kwa sababu Loveness alikuwa anamwangalia. Alitaka kuipiga ile meza mpaka mihuri iruke. Badala yake, jamani, akasema asante. Akapinda magoti, akasema asante dada.

Njiani alifikiria kuutupa wito mtaroni. Akafikiria kuusaini mwenyewe, lakini tarehe ishirini na tisa Cyprian asingetokea, na mwongo angekuwa yeye. Hakukuwa na pa kwenda pengine. Saa kumi walikuwa mlangoni kwao.

Cyprian alikuwa amekaa kwenye kochi na singilendi, anatazama mpira. Eufrazia akamnyooshea karatasi. Akazisoma zote, taratibu, mpaka maneno ya kwenye mhuri. Hakufoka. Kufoka kwake Eufrazia alikuwa anakujua, anajua kunaanzia wapi na kunaishia wapi. Ukimya huu ndio uliomtoa jasho.

"Loveness," Cyprian akasema, "niletee kalamu."

Mtoto akapekua begi la shule kwa mkono mmoja, akaileta. Cyprian akasaini karatasi zote mbili, sahihi ndefu yenye mkia, kisha akaikunja nakala ya kurudisha na kumkabidhi mkewe, akamwambia aitunze vizuri isije ikalowa.

"Tarehe ishirini na tisa," akasema. "Leo ngapi?"

"Sita," akajibu Eufrazia.

"Sita."

Akaongeza sauti ya televisheni. Akainuka, akafunga mlango, akasukuma komeo. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake. Loveness alikuwa amesimama palepale, ameunyoosha ule mkono mzima, anasubiri arudishiwe, maana kesho ni shule.