Kaa Hapo Hapo, Nahodha

Meli yetu ilibeba mafuta mazito, ya Nahodha Sohrabi ilibeba saruji, na mlango wa mkondo wa Qeshm ungetutosha kupita salama kama tungekuwa na akili. Hatukuwa nazo. Tulikuwa na adabu.

“Tangulia, bwana wangu,” nahodha wetu, Parvizi, alisema redioni.

“Haiwezekani! Mkubwa ni wewe,” Sohrabi alijibu.

“Niwe fidia yako, pita.”

“Nikutangulie wewe? Mke wangu nitamtazamaje?”

Kwetu mtu hukataa mara mbili, ya tatu akakubali. Hata mtoto anajua. Basi ya tatu wakakubali wote wawili, kwa pamoja, wakatia injini mwendo. Pua ya meli ya Sohrabi ikazama ubavuni mwetu.

Mimi, msaidizi wa Parvizi, nilikimbia kuchungulia. Mafuta yalichuruzika kidogo tu, maana pua iliyotutoboa ndiyo iliyoziba tundu. Lakini maji yalikuwa yanaelekea kwenye mikoko, na nyuma ya mikoko ni kwa mama, aliyetulea kwa kamba wanaokulia kwenye mizizi ile.

“Nahodha, asichomoke!” nilipiga kelele. “Akichomoka tu, yatamwagika yote!”

Parvizi akashika redio. “Ndugu yangu Sohrabi, kaa hapo hapo.”

“Mna ukarimu mno. Nimeshawasumbua, naondoka.”

“Kaa, nakuapia kaburi la baba yangu.”

“Mungu amrehemu, naye alikuwa hivyo hivyo. Narudi nyuma.”

“Nasema kweli, kaa!”

“Ndivyo msemavyo wote, roho yangu.”

Injini yake ikanguruma. Nikampokonya Parvizi redio.

“Mbwa mzee wewe! Ukisogea hata shubiri moja, nakuja kukung'oa masharubu!”

Pwani nzima ilikuwa inasikiliza redioni.

“Aa,” Sohrabi alisema taratibu. “Kumbe ni kweli.” Akazima injini.

Alikaa pale amenuna mpaka ikaja meli ya kunyonya mafuta. Mikoko haikuguswa hata jani. Nilirudi nyumbani nikitarajia kukumbatiwa, nikamkuta mama mlangoni na sinia la kamba wakavu.

“Umemtukana mzee wa watu, dunia nzima inasikia! Mpelekee hawa, na mkono umbusu.”

Nilikwenda, nikambusu mkono. Sohrabi alilitazama sinia, masharubu yakimtetemeka.

“Usijisumbue, mwanangu. Warudishe tu nyumbani.”

Nilikuwa nimechoshwa na maneno ya watu, nimechoshwa kabisa. Aliyosema ndiyo niliyofanya: nikachukua sinia nikaondoka.

Mama alipoliona alishika kichwa.

“Alikataa mara ngapi?”

“Moja.”

Akaketi kizingitini, akalia kilio kile nilichoogopa kwamba angeililia mikoko.