Vidonge vya Mama Mukandoli

Isaro alifanya kazi katika maabara moja ya Buffalo iliyopima dawa za mitishamba za Kichina za maumivu na uvimbe: zipi zinasaidia, zipi zimechanganywa na vitu visivyotajwa kwenye chupa. Kwa hiyo mama yake, Mukandoli, aliyeishi Shively kule Louisville, alipomsifia vidonge vya Kichina alivyotumiwa na Alliance, rafiki yake wa kanisa aliyehamia Columbus, Isaro aliomba vichache avipime.

Mama alikuwa akivinywa tangu kiangazi. Magoti yaliyovimba kwa kusimama kazini ghalani yalikuwa yamenywea. Uso wake ulinenepa, watu wakasema Amerika imempenda.

Majibu yalitoka Jumatatu. Pamoja na mizizi iliyosagwa mlikuwa na steroidi, dawa kali ya hospitali inayoshusha uvimbe upesi na kuharibu mwili ikinywewa ovyo. Isaro alipiga simu akiwa na hasira.

"Mama, vitupe vyote leo."

"Na magoti yangu?"

"Vitupe. Ni sumu."

Mukandoli akavimwaga chooni.

Alhamisi asubuhi alisema anatapika, miguu haina nguvu. "Ni mafua tu, donc usijisumbue." Isaro alimtajia jambo hilo Charlotte, mkuu wake, wakiosha vyombo vya maabara. Charlotte akafunga bomba.

"Aliacha vile vidonge ghafla?"

"Mimi ndiye niliyemwambia."

"Isaro, mwili ukizoea steroidi huacha kutengeneza ya kwake. Ukiikata mara moja, mtu anaweza kufa. Mpigie."

Simu iliita mpaka ikanyamaza. Akapiga tena, hakuna aliyepokea. Akampigia Sebagabo, shemasi aliyekaa jirani na mama.

"Shemasi, nenda kwa mama. Kimbia, tafadhali, na usikate simu."

Alimsikia akihema, kisha akigonga mlango. "Mama Isaro? Mama Isaro, ni mimi." Halafu kioo kikavunjika.

"Mama iko chini, hapa jikoni," Sebagabo alisema. "Inapumua, lakini hainijibu."

Mke wake ndiye aliyeita ambulensi. Wahudumu walipofika, Isaro aliomba awekwe kwenye spika, akawaeleza kila kitu, dawa gani na imeachwa lini. Walimchoma sindano ya steroidi palepale sakafuni.

Ndipo alipomkumbuka Alliance, ambaye naye alikuwa akivinywa kwa ajili ya mgongo, akampigia.

"Maman Alliance, vile vidonge bado unavyo?"

"Mama yako aliniambia nivitupe. Bon, sikuvitupa. Mgongo ungenirudia. Utanigombeza?"

Isaro aliegemea ukuta, machozi yakimtoka. "Sikugombezi. Usiache leo, wala usiendelee peke yako. Chukua chupa, nenda hospitali, waambie ina steroidi. Daktari atakupunguzia polepole."

"Na mimi ndiye niliyempa Mukandoli."

"Hukujua, Maman. Nenda."

Jumamosi Isaro alifika Louisville kwa basi. Mama yake alikuwa ameketi kitandani hospitalini, amechoka, mguu mmoja juu ya mto. Goti lilikuwa limeanza kuvimba tena.

"Umeona?" Mukandoli akasema. "Ile dawa ilikuwa inafanya kazi."

"Ndiyo, mama. Ilikuwa inafanya kazi. Na mimi nilikosea kukwambia uitupe kabla ya kuuliza."

Mama akasogeza miguu ili Isaro apate pa kukaa.

"Basi nikande goti," alisema. "Polepole."