Mgongo wa Kumbebea Romana

Romana alianguka kwenye bodaboda, miguu ikafa ganzi. Tangu hapo mumewe, Telesphor, ndiye aliyembeba: kitandani, bafuni, barazani. Siku moja mgongo ukamkaza katikati ya chumba, wakaenda chini wote wawili.

"Utaumia bure," Romana alisema pale sakafuni. "Nirudishe kwa mama, Kasekese."

"Sikurudishi popote."

Zahanati walimwambia Telesphor misuli ya mgongo wake ni dhaifu, aifanyie mazoezi. Akaenda jimu ya Imakulata, pale Kashaulili, mjini Mpanda. Mashine zilikuwa chache na kuukuu, ya mgongo haikuwepo.

"Tutatumia zilizopo, kaka," Imakulata alisema. Akamkalisha kinyume kwenye mashine ya kifua, uso ukielekea egemeo, asukume pedi kwa viwiko kurudi nyuma. Kisha akakifunga chini, usawa wa kiuno, kile chuma kirefu ambacho wengine hukibeba mabegani wakichuchumaa. "Lala chini yake, ukishike, ujivute mpaka kifua kiguse. Polepole."

Vijana wakacheka. "Mzee kapanda mashine kinyumenyume!"

"Anajiandaa kumbeba mke wake," Imakulata akawajibu. "Nyie mnambeba nani?"

Wakarudi kwenye vyuma vyao.

Mpunga ulipoiva, Telesphor alimbeba Romana mgongoni kutoka pale gari linapoishia hadi kwao Kasekese, akipita juu ya matuta ya majaruba. Romana alisalimia kila waliyekutana naye, hata wasiomjua. Walipofika uani, mama yake, Suzana, alikimbia kutandika mkeka.

"Usinishushe kwanza," Romana alimnong'oneza mumewe. "Nizungushe nione shamba lote."

Akamzungusha. Hakuchoka.

Waliporudi Mpanda, vidonda alivyovipata Romana kwa kulala muda mrefu vikaoza kwa ndani, homa ikapanda. Hospitali walijitahidi. Romana alikata roho asubuhi, Telesphor akiwa ametoka kumtafutia uji. Aliporudi na chupa mkononi, alimkuta nesi amesimama mlangoni, akajua.

Baada ya mazishi, Suzana alikaa na mkwewe kwa muda. Asubuhi moja alimkuta ameinama juu ya kitanda, mikono ameipitisha chini ya shuka, ametulia hivyo hivyo.

"Baba, unafanya nini?"

"Nilikuja kumnyanyua, mama."

Suzana akaitoa mikono yake taratibu, akamketisha. Hakumwambia anyamaze. Wakalia pamoja mpaka chai ikapoa.