Uzi Unaopita Mara Nane

Fomu ya Tamasha la Nyuzi la Vijana ilikuwa na maswali sita, na Elieth aliyajibu matano bila kuinua kalamu. Jina, umri, wilaya, mzazi, chombo. Miaka kumi na sita, Muleba, binti wa Kahangwa wa Kimwani, enanga. Swali la sita liliuliza chombo chako kina nyuzi ngapi. Hapo pia hakusita. Aliandika: mmoja.

Na kweli ni mmoja. Enanga ni gogo lililochongwa likawa na tumbo mfano wa hori, lina meno kwenye ncha zake mbili, na uzi mmoja mrefu wa kano za ng'ombe hupitishwa kwenye meno hayo, ukaenda na kurudi mpaka umepita mara nane, ukaisha. Mgeni akiitazama ataona nyuzi nane. Kahangwa alikuwa akiwacheka wageni wa namna hiyo. Alisema ni sawa na mtu aliyemwona jirani akipita njiani mara nane, akaenda kutangaza kwamba kijiji kimevamiwa.

Tamasha lilifanyika Nshambya, mjini Bukoba, kwenye ukumbi wa shule moja, likizo ya katikati ya mwaka. Mratibu alikuwa Mwalimu Protase, mpiga fidla, mtu mwema asiyepandisha sauti. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alichokiandika kwenye orodha, hata malaika akishuka hakifutiki. Elieth alipofika Jumatatu na enanga yake ndani ya kitenge, alikuta jina lake Kundi A, la chombo chenye uzi mmoja mpaka nyuzi tatu. Wenzake walikuwa watoto wa miaka tisa wenye vizeze vya kibuyu. Akakaa nao kwenye viti vyao vifupi, magoti yakigusa kidevu.

Hilo angelivumilia. Shida ilikuwa Jumamosi. Siku ya kufunga tamasha, kila mmoja wa Kundi B, la nyuzi nne na kuendelea, angepiga peke yake dakika tano. Kundi A wangepiga wote kwa pamoja wimbo mmoja wa kuku na vifaranga.

Na Kahangwa alikuwa anakuja Jumamosi. Enanga zamani ilikuwa mambo ya wanaume. Alimfundisha binti yake kwa kuwa Wilbert, mwanawe wa kiume, alikuwa bado mdogo mno, na mikono ikishazoea kazi ni tabu kuiambia iache. Sasa Wilbert ana miaka kumi na tatu, na baba zake wadogo wameanza maneno: enanga ya ukoo haiendi kuolewa. Kahangwa alichoka kuwasikiliza, akakata shauri mbele yao. "Nitakwenda Bukoba. Nikimkuta anaipiga peke yake mbele ya watu, ni yake, aolewe asiolewe. Nikikuta wamemchanganya na wengine kama mboga chunguni, inarudi kwa Wilbert."

Jumanne Elieth alimfuata Mwalimu Protase ofisini.

"Mwalimu, shikamoo. Uzi ni mmoja, ila unapita mara nane."

"Marahaba. Basi ni nane."

"Hapana Mwalimu, ni mmoja."

"Kama ni mmoja, uko kundi lako." Alimwonyesha fomu, kwa upole. "Tazama, hapa kuna nafasi ya namba. Maelezo hayana nafasi."

Nuriat wa kata ya Bakoba, mpiga fidla aliyelala kitanda cha juu yake bwenini, hakuona kwa nini jambo hilo limkoseshe mtu raha. "Mwenzangu, unaulizwa namba, unatoa historia. Andika nane. Nani atakuja kuzihesabu?"

Jumatano asubuhi Elieth aliomba ile fomu, akakata "mmoja", akaandika "nane". Mwalimu Protase akafurahi kama mtu aliyepata ufunguo wake, na kabla ya chai ya saa nne Elieth alikuwa Kundi B, kwenye kiti cha kimo chake. Alifanya mazoezi siku tatu. Aliona aibu siku zote tatu. Kila alipogusa uzi alijisikia kama amemkana mtu wa nyumbani mbele ya wageni.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Elieth ilifika Jumamosi saa nne na robo, Kahangwa aliposhuka kwenye basi la Muleba na koti lake la kanisani. Binti alipiga magoti.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuweka wapi?"

Akampa karatasi ya ratiba. Kahangwa alisoma polepole, kidole kikifuata mstari: Elieth Kahangwa, enanga, nyuzi nane. Akarudia.

"Nani amehesabu?"

"Mimi, Tata."

Aliikunja ile karatasi mara mbili, tatu, ikawa ndogo ya kuingia kwenye kiganja, akaitia mfuko wa koti. Akaenda kukaa safu ya tatu, karibu na dirisha. Elieth angependa agombe. Mtu akigomba unajua amefika wapi.

Alipoitwa alikuwa wa sita. Alikaa kwenye mkeka, akaiweka enanga mapajani, akaanza utenzi wa mwanamke aliyekwenda kudai ng'ombe wa marehemu mumewe kwa shemeji zake. Beti mbili zilikwenda vizuri. Wazee waliokuwa nyuma wakaanza kuitikia kwa Kihaya, "waitu, waitu". Ubeti wa tatu, mwanamke anafika uani kwa shemeji, uzi ukakatika.

Zote nane zikalegea kwa pamoja, zikalala juu ya gogo.

Mwalimu Protase aliinama kutoka pembeni ya jukwaa. Alisema kwa huruma, na kwa ujuzi wa mtu wa fidla, "Usiogope. Umekatika mmoja tu. Endelea na hizo saba zilizobaki."

Elieth alimtazama. Kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wake na hakujali.

"Hakuna zilizobaki, Mwalimu. Uzi ni mmoja. Niliandika nane ili nipewe nafasi."

Watu wachache walicheka. Hakutazama safu ya tatu. Alijua amekwisha, na kwa kuwa amekwisha hapakuwa na sababu ya kumwacha yule mwanamke amesimama uani kwa watu. Akaendelea kuimba kwa sauti tupu. Huku anaimba, vidole vikautafuta uzi, vikauvuta, vikafunga fundo, vikaanza kuupitisha upya: jino la juu, jino la chini. Alipokaza mpito wa kwanza aliugusa, akausikiliza, akaukaza tena, na mwanamke wa kwenye utenzi akiwa anawataja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina. Elieth aliongeza ng'ombe wawili wasiokuwamo ili apate muda.

Fundo lilikuwa limekula uzi, na ncha iliyokatika ilikuwa imechakaa, akaikata kwa meno. Uzi ukafika mara saba, ukaisha. Jino la nane likabaki tupu.

Akapiga hivyohivyo. Kila sauti ya nane ilipotakiwa, aliitoa kwa mdomo. Dakika tano zilikuwa zimepita zamani. Mwalimu Protase alitazama saa, akatazama orodha, kisha akaigeuza orodha kifudifudi juu ya meza. Ng'ombe walirudi nyumbani, makofi yakapigwa, Nuriat akasimama kabisa.

Nje, Kahangwa alikuwa amesimama kwenye ngazi za ukumbi. Elieth alikuja na enanga kifuani, haijarudi ndani ya kitenge.

"Uliandika nane," Kahangwa alisema.

"Ndiyo, Tata. Nisamehe."

"Na sasa ni ngapi?"

Aliitazama. Kwa macho zilikuwa saba.

"Mmoja."

Kahangwa akatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa uzi mpya wa kano, umesokotwa vizuri, umeviringwa kama kata ya kichwani.

"Huu nilimsokotea Wilbert," alisema. "Nilijua watakuchanganya na wengine."

Akaushika kwa mikono miwili, akampa. Elieth aliupokea kwa mikono miwili, magoti chini, akauona mzito kwenye viganja vyake.

"Na Wilbert je, Tata?"

"Atakuja kwako kujifunza," Kahangwa alisema, macho yakitafuta basi barabarani. "Umwanzishe kwenye kuhesabu."